Picha ni yako, ufunguo ni wa nani?

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni la mafundi peke yao: mafaili ya picha yanayotoka kwenye kamera za dijitali. Najua kuna watakaosema, "Huyu tumemzoea kwenye siasa, leo kahamia kwenye kamera?" Vumilieni kidogo. Hii nayo ni siasa, maana mwisho wake ni swali la nani anaamua kama mjukuu wako ataiona sura ya bibi yake.

Nitaanzia kusini, kwa akina mama yangu, Lionja, huko Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Ukiitaja Lionja mjini Dar, tisa kati ya kumi watakuuliza iko wapi. Lakini ukanda ule wa kusini umepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo maana unafaa kutufundisha somo hili.

Mwaka 1906, vumbi la vita vya Maji Maji likiwa bado halijatulia, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule aliteremka Lindi. Alikuwa mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Akaingia bara mpaka Masasi, halafu akapanda Newala na uwanda wa Makonde. Katika mizigo waliyobeba wapagazi kulikuwa na kamera ya kupigia picha, kamera ya sinema, na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Alichokinasa kikaenda kukaa Ujerumani.

Mwingine ni Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi hapa kwetu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita vyenyewe. Picha zake ziko katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilitoa picha zipatazo 100,000 kwa Wikimedia Commons, na za Dobbertin zikawamo. Leo kijana wa Nachingwea mwenye simu na bando anaweza kuziangalia bila kuomba viza.

Sasa jiulize, waliwezaje? Kampuni nyingi zilizotengeneza vifaa vya picha vya enzi zile zimekwisha kufa. Mafundi wake wamekufa. Koloni lenyewe limekufa! Lakini picha zimepona, kwa sababu negativu ya kioo haina siri. Ukiishika mbele ya dirisha, unaona mtu amesimama, weusi ukiwa weupe na weupe ukiwa weusi. Kemia yake imeandikwa vitabuni. Hakuna kampuni inayokuuliza leseni ndipo uruhusiwe kutazama.

Baadaye ukaja mkanda wa milimita 35. Kodak ilianza kuuza mkanda huo ndani ya kikopo chake mwaka 1934, lakini vipimo vyake havikubaki mali ya Kodak. Agfa, Ilford na Fuji walitengeneza, na Ujerumani Mashariki ikatengeneza ORWO. Kamera ya Kijapani ilikubali mkanda wa Kijerumani, na Zenit ya Warusi ilikubali mkanda wa Kimarekani, hata katikati ya Vita Baridi. Wakati wapiganaji wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao ya mafunzo Nachingwea, wakisaidiwa na nchi zilizokuwa hazisemezani na Marekani, hakuna aliyelazimika kuuliza kama mkanda wa rafiki huyu utaingia kwenye kamera ya rafiki yule. Uliingia tu.

Hicho ndicho ninachokiita kiwango huria: vipimo vinajulikana na wote, yeyote anaweza kutengeneza, na yeyote anaweza kusoma.

Nachingwea wanajua pia ubaya wa kukosa kiwango kimoja. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mradi wao maarufu wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, ya aina nyingi nyingi, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa trekta. Yakiharibika, vipuri havipatikani au haviingiliani. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na serikali ya Uingereza ikawa imepoteza kama pauni milioni 36. Vipuri havikuwa sababu pekee, udongo na mvua navyo vilikuwamo, lakini vilichangia.

Mradi huo uliacha reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea, ambayo nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na Reli ya Kati. Linganisha na TAZARA, ambayo ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vinne hivi! Lakini kwa vidole hivyo behewa la Zambia haliwezi kuendelea kwenda Tabora. Ndiyo maana Kidatu kuna kituo cha kupakua mzigo kwenye reli moja na kuupakia kwenye nyingine. TAZARA walikuwa na sababu ya haki, walitaka kuungana na reli za kusini mwa Afrika. Kumbukeni hoja hiyo, maana wenye kamera nao wana sababu zao.

Haya, tuingie kwenye kamera.

Kamera ya dijitali haina mkanda. Ina kihisi, kigae kidogo chenye vijishimo mamilioni vinavyopokea mwanga. Kijishimo kimoja hakijui rangi. Kinajua mwanga ni mwingi au kidogo. Mwaka 1976 mhandisi wa Kodak, Bryce Bayer, alipata hataza ya njia ya kuweka vichujio vidogo juu ya vijishimo hivyo, vya rangi nyekundu, kijani na buluu, kijani kikiwa mara mbili ya vingine. Karibu kamera zote za leo zinatumia mpango huo. Baada ya kubonyeza kitufe, kinachotoka kwenye kihisi si picha bado. Ni orodha ndefu ya namba: hapa mwanga mwekundu kiasi hiki, hapa kijani kiasi kile.

Kamera inaweza kuzipika namba hizo yenyewe na kukupa JPEG. Au inaweza kukupa namba zenyewe kama zilivyo, uzipike mwenyewe nyumbani. Hayo ndiyo mafaili ambayo kwenye menyu ya kamera yameandikwa RAW. Mimi nitayaita mafaili ghafi.

Kwa lugha ya jikoni, JPEG ni ugali uliokwisha songwa. Faili ghafi ni unga. Ukiwa na unga unaweza kusonga ugali, kupika uji au kukaanga vitumbua. Ukiwa na ugali, huwezi kuurudisha kuwa unga. Kwa hiyo mpiga picha makini, hasa anayepiga kwenye mwanga mgumu kama ule wa saa saba mchana Lindi, anapenda kuhifadhi unga. Kivuli cha uso chini ya kofia, ambacho kwenye JPEG ni doa jeusi, kwenye faili ghafi mara nyingi kinaokoleka. Faili ghafi ndilo negativu ya zama hizi.

Tatizo ni kwamba negativu hii huwezi kuishika mbele ya dirisha.

Mwaka 1991 Kodak ilitoa kamera ya kitaalamu ya dijitali, DCS, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1 na mafaili yake ya NEF. Canon ikaja na CRW, halafu CR2, halafu mwaka 2018 CR3. Sony ina ARW, Fuji ina RAF, Olympus ilikuwa na ORF. Kila kampuni ilipanga namba kwa namna yake. Na hata ndani ya kampuni moja, kamera mpya ikitoka mpangilio unabadilika kidogo, kwa hiyo programu ya mwaka jana haiijui kamera ya mwaka huu.

Kwa sehemu kubwa kampuni hazikuchapisha maelezo. Ukitaka kufungua, tumia programu yetu. Na programu hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta tulizozichagua sisi, kwa miaka tutakayoamua sisi. Unaona inavyokwenda? Umenunua kamera kwa hela yako, umepiga picha ya bibi yako, lakini ufunguo uko kwenye droo ya ofisi moja Tokyo.

Hatari hiyo ilikwisha onekana mapema. Mwaka 1992 Kodak ilileta Photo CD, mtindo wa kuhifadhi picha kwenye diski, na maelezo kamili ya fomati yake ikayafanya siri. Makumbusho na maktaba zikaingiza picha zao humo. Biashara ikadoda, Kodak ikaachana nayo, na wenye picha wakabaki kuhangaika kuzihamisha. Januari 2012 Kodak yenyewe ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kabla ya hapo, mwaka 2006, Konica Minolta ilijitoa kwenye kamera na kuikabidhi Sony sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 2021 hata kamera za Olympus zilikwisha hamia kampuni nyingine. Kampuni ni kama watu, zinazaliwa na zinakufa. Mtu kufa na siri yake ni jambo la kawaida. Lakini kampuni kufa na siri ya picha zako wewe?

Sasa mbona mafaili mengi ya zamani yanafunguka mpaka leo? Hapa kuna mtu wa kumshukuru. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Dave Coffin, alianza kuandika programu ndogo aliyoiita dcraw. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Alichukua mafaili ya kamera moja baada ya nyingine, akayachunguza namba kwa namba kama mtu anayesoma barua ya fumbo, akaandika jinsi ya kuyafungua, na akaweka msimbo wake wazi mtandaoni, bure. Programu nzima ilikuwa faili moja la msimbo wa lugha ya C, makusudi, ili iweze kujengwa kwenye kompyuta ya aina yoyote. Kwa miaka mingi akaongeza mamia ya kamera, na programu nyingine nyingi zikajengwa juu ya kazi yake.

Kisha ukaja ugomvi wa 2005. Kamera ya Nikon D2X ilipotoka, ilibainika kuwa sehemu moja ya faili lake, ile inayoeleza uwiano wa rangi nyeupe, yaani mwanga ulikuwa wa jua, wa taa au wa kivuli, ilikuwa imefungwa kwa fumbo. Aliyelisema hadharani, Aprili 2005, ni Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha Photoshop. Adobe walisita kulifumbua, maana Marekani kuna sheria ya mwaka 1998 inayoweza kumtia hatiani anayevunja kufuli la kidijitali. Nikon walijibu kwamba wana vifaa vyao maalumu wanavyowapa watengeneza programu wanaostahili. Wapiga picha wakahamaki: rangi ya picha niliyopiga mimi, kwa nini niifikie kwa hisani? Coffin na wengine walilifumbua fumbo lile, na mwaka huohuo wapiga picha wakaanzisha harakati iliyoitwa OpenRAW, wakidai kampuni zichapishe maelezo ya mafaili yao.

Kabla ya ugomvi huo Adobe walikuwa wamekwisha leta pendekezo. Septemba 2004 walitangaza fomati ya DNG, maana yake negativu ya kidijitali, iliyosanifiwa na Knoll huyohuyo. Msingi wake ni TIFF, fomati ya tangu 1986 ambayo maelezo yake yako wazi. Maelezo ya DNG pia yalichapishwa, na kutumia ni bure. Wazo ni hili: faili lenyewe libebe ndani yake maelezo ya kutosha ya kamera iliyolipiga, ili programu isihitaji kuijua kamera hiyo kabla. Mwaka 2006 Leica M8 na Pentax K10D zikawa zinatoa DNG moja kwa moja.

Kwa bahati, mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2004 kulikuwa na tukio la kwetu. Mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa huria. Hakuna Mtanzania aliyelazimika kumpigia magoti bosi wa ng'ambo aamue kama Kiswahili kina soko. Walifungua, wakatafsiri, wakatoa. Hii ndiyo maana ya uwazi kwa watu wa pembezoni: hungoji kuonekana una faida ndipo uhudumiwe.

Tuwe waadilifu, kampuni zina hoja. Vihisi hubadilika haraka, na kiwango cha kamati huenda pole pole. Wanasema wakifungwa na fomati ya wote watashindwa kuleta mapya. Wanasema pia baadhi ya maelezo yanafichua ufundi wao kwa washindani. Na DNG nayo si malaika: kalamu ya kuiandika iko mikononi mwa Adobe, kampuni ya biashara kama nyingine, ingawa mwaka 2008 iliwaruhusu watu wa ISO kuitumia katika kuboresha kiwango chao. Ukibadilisha faili la kampuni kuwa DNG, yapo maelezo ya siri ya kamera ambayo programu nyingine hazitayaelewa. Hoja hizi ni za kweli kama ile ya TAZARA. Lakini behewa likikwama unaweza kupakua mzigo. Faili lisilofunguka hulipakui.

Sasa turudi kusini. Mjomba wangu alikuwa na kamera ya mtumba iliyotoka Kariakoo. Lionja nzima walimjua. Alipiga harusi, misiba, mikutano ya chama cha ushirika msimu wa korosho, na wazee, hasa wazee. Kuna waliokumbuka treni ya Nachingwea ikipita, na kuna waliosimuliwa na baba zao mambo ya Maji Maji. Mtu mmoja wa studio alimwambia akipiga kwa faili ghafi ubora ni mkubwa, naye akafuata. Alipofariki aliacha CD zimejaa ndani ya kopo la maziwa. Binamu yangu alizipeleka kwenye duka la kusafisha picha. Wakamwambia mafaili haya hayasomeki, labda yamekufa. Programu iliyokuja na kamera ilikuwa ya Windows XP, na diski yake ilikuwa imechanika.

Hayakuwa yamekufa. Niliyafungua kwa darktable, programu huria isiyolipiwa. CD mbili zilikuwa zimeliwa na ukungu, hizo zimekwenda. Zilizobaki zote zilifunguka. Kuna mzee mmoja amekaa mbele ya ghala, amevaa balaghashia, na ukiinua kivuli kidogo unaona anacheka. Hakuna nakala nyingine ya picha ile. Yule aliyewezesha mzee aonekane ni watu wa kujitolea ambao hawajawahi kusikia neno Lionja.

Ndiyo maana naona mambo yamegeuka. Picha za kusini za mwaka 1906 zilikuwa mbali nasi, Ujerumani, lakini teknolojia yake ilikuwa wazi. Aliyezikaribia aliweza kuziona. Picha za mjomba zilikuwa kwetu, ndani ya kopo, lakini zilifungwa. Mababu zetu walinyimwa picha zao kwa bahari. Sisi tunaweza kunyimwa zetu tukiwa tumezishika mkononi.

Na tusilale kwa sababu leo zinafunguka. Toleo la mwisho la dcraw ni la mwaka 2018. Kwa bahati tangu 2008 kuna LibRaw, maktaba ya msimbo iliyotokana na kazi ile, na wenyewe wanaendelea. Lakini kutegemea wema wa watu wachache wa kujitolea kwa kumbukumbu ya dunia nzima si mpango, ni bahati.

Upande wa simu hali ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, faili ghafi la simu ni DNG. Apple nayo ilipoleta ProRAW mwishoni mwa 2020 ilitumia DNG. Kijana wa Ruangwa mwenye simu inayotoa faili ghafi anaweza kuwa na negativu iliyo wazi kuliko mpiga picha wa gazeti kubwa aliyebeba kamera ya mamilioni, maana Canon, Nikon na Sony wameendelea na fomati zao.

Kwa hiyo tufanyeje? Mimi nafanya haya. Faili la asili silifuti kamwe. Kwa picha ambayo najua haina mbadala, kama mzee anayesimulia, jengo linalobomolewa au kaburi la ukoo, naweka na nakala ya DNG, na nyingine ya TIFF au JPEG kwa ajili ya mtu asiyejua mambo haya. Naziweka sehemu mbili tofauti, si CD peke yake. Naandika jina la mtu, mahali na mwaka, maana sura isiyo na jina nayo ni aina ya kufuli. Na zile kumi bora nazisafisha kwenye karatasi. Karatasi haiulizi leseni.

Kisha tudai. Makumbusho yetu, vyuo vyetu, halmashauri na vyombo vya habari vinaponunua kamera na mifumo ya kuhifadhi picha, swali la kwanza liwe: tukiachana na muuzaji huyu, picha zitafunguka? Kama jibu ni "labda", hapo bado hatujanunua kitu. Tumekodi.

Nachingwea ilikwisha jengewa reli na wageni, na baadaye reli hiyo ikafungwa. Kumbukumbu zetu zisisubiri ratiba ya mtu mwingine. Wenye kopo la CD nyumbani, lifungueni wiki hii.